Mjadala: Tufts waendelee kumshangilia Jumbo, au wamwombe radhi?

Mnazi_Mkinda: Wakuu, Chuo Kikuu cha Tufts kule Massachusetts, Marekani, nembo yake ni tembo Jumbo. Mwaka 2015 wakamsimamishia sanamu ya bronzi ya ukubwa wake halisi. Lakini Jumbo alinaswa angali mtoto upande wa mpaka wa Sudan na Uhabeshi, akapitishwa Paris, akafika bustani ya wanyama ya London 1865. P.T. Barnum, Mmarekani mwenye sarakasi, akamnunua 1882, na tarehe 15 Septemba 1885 treni ya mizigo ikamuua St. Thomas, Kanada. Huyu ni wa kushangiliwa uwanjani? Tena hata jina wametuchukulia sisi Waswahili: ni jumbe.

Mrima_Asilia: Hapo kwenye jumbe umenigusa. Jumbe ni mkubwa wa mji, Mrima nzima, pwani yetu ya bara inayotazamana na Unguja. Wajerumani waliwakuta majumbe wakawaweka chini ya maakida, watumishi wa serikali yao, wakusanye kodi. Sasa unasema cheo hicho kapewa mnyama wa sarakasi? Waliomnasa ni Waarabu wa Hamran, wawindaji wa kule Sudan, wakamuuza kwa Wazungu. Nani hapo alijua Kiswahili?

Mnazi_Mkinda: Mzee, Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alirudi London 1863 kutoka huku kwetu. Maneno yalisafiri.

Mrima_Asilia: Kusafiri si ushahidi. Sikiliza Mwingereza anavyotamka "jumbo": masikioni mwetu inatoka "jambo". Kwa hiyo ukifuata maandishi utasema jumbe, ukifuata sauti utasema jambo, na yote mawili ni kubahatisha. Neno hilo lilikuwamo kwenye kamusi yao ya lugha ya mitaani tangu 1823, kwa maana ya pandikizi la mtu mzito. Msitafute sifa kwa kuazima.

Binti_Pangani: Usimkaripie mwenzio kana kwamba lugha ni shamba lako. Aliuliza kuhusu sanamu.

Fundi_Ngozi: Mnagombea jina, mimi nataka tuseme kilichobaki. Barnum alikuwa kwenye bodi ya wadhamini wa Tufts, akawapa ngozi ya Jumbo iliyojazwa mwaka 1889. Kazi ya kuijaza ilifanyika Rochester, Marekani, kwa fundi Henry Ward, na Carl Akeley, fundi mwenzake, akiwa kijana pale (huyuhuyu aliyekuja baadaye kuwinda tembo Kenya, akafia Kongo 1926). Ngozi peke yake ilikuwa karibu kilo 700. Ngozi ya tembo huwezi kuimwagia chumvi juu ukaiacha. Ni nene, chumvi haifiki ndani, itaoza katikati huku juu inaonekana nzima. Lazima ikatwe vipande, upande wa ndani upunguzwe kwa kisu hadi iwe nyembamba, ndipo ivishwe ikiwa mbichi juu ya umbo la mbao na kupigwa misumari. Ikikauka inajivuta, mishono inapasuka. Na ngozi mbichi inatanuka: Barnum alitaka Jumbo aonekane mkubwa kadiri inavyowezekana, akaupata ukubwa huo. Mifupa iko New York kwenye jumba la makumbusho, nayo haidanganyi: begani alikuwa kama mita 3.2.

Tarehe 14 Aprili 1975 jengo la Tufts lililokuwa na ngozi ile likaungua. Mtumishi wa idara ya michezo akachota majivu kwenye kopo la siagi ya karanga la Peter Pan, la wakia 14, yaani karibu gramu 400. Wachezaji hulisugua kabla ya mechi. Lakini umbo lile lilikuwa la mbao ndani: majivu mengi mle ni ya mbao. Kipande cha kweli walichonacho ni mkia, uliokuwa umeshatoka mapema kwa kuvutwa na wanafunzi wakitafuta bahati ya mitihani. Uko kwenye nyaraka zao.

Mnazi_Mkinda: Kwa hiyo wanasugua mbao?

Fundi_Ngozi: Mbao na Jumbo pamoja. Hakuna wa kuzitenganisha.

Binti_Pangani: Mimi naona aibu iko kwenye meno. Tembo ana seti sita za magego, zinasogea kutoka nyuma kwenda mbele. La mbele linasagika kwa magome na matawi, linadondoka, la nyuma linachukua nafasi. Jumbo alilishwa nyasi kavu laini. Magego hayakusagika, hayakudondoka, mapya yakasukuma yakapinda. Usiku alikuwa akigonga banda kwa hasira, wakampa pombe atulie. Na mifupa ya nyonga na magoti imeonyesha uchakavu wa mzee, naye alikufa na miaka kama 24 tu, baada ya kubeba watoto wa London mgongoni. Sanamu ibaki, ila pembeni yake wachonge gego moja lililopinda, la ukubwa wake halisi, mtu aliguse.

Mnazi_Mkinda: Dada, hilo nakubali kabisa.

Mrima_Asilia: Gego sawa. Jumbe bado hujathibitisha.