Ulinganisho: Piketty, Milanovic, Pistor na Winters, kipi kitangulie?

KalamuKavu
Wakuu, vitabu vya pengo la walionacho na wasionacho vimejaa tele, na vingi vinarudia yaleyale. Vilivyopita kwenye chujio ni vinne: Capital in the Twenty-First Century cha Thomas Piketty (Kifaransa 2013, Kiingereza 2014), Global Inequality cha Branko Milanovic (2016), The Code of Capital cha Katharina Pistor (2019) na Oligarchy cha Jeffrey Winters (2011). Takwimu peke yake hazinitoshi, nataka kuelewa mali inavyogeuka kuwa madaraka. Kipi kitangulie?

Mizania
Piketty, ila usimsome mfululizo. Kitabu kina sura 16 na kurasa zinazokaribia 700, na wengi huishia njiani kwenye sehemu ya pili. Soma utangulizi na sura ya 1, ruka hadi ya 5, kisha 10 na 11. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazohusu nani anamiliki nini na mirathi inabeba uzito gani.

Kabla ya kuruka, hakikisha hesabu mbili zimekukaa kichwani. Kwanza, nchi inayoweka akiba 12% ya pato lake huku uchumi ukikua kwa 2% mwishowe hulimbikiza mali yenye thamani ya pato la miaka 6, yaani 12 gawanya kwa 2. Ukuaji ukishuka hadi 1% na akiba isibadilike, inakuwa miaka 12. Pili, mali ikiwa ni pato la miaka 6 na mtaji unarudisha 5% kwa mwaka, wenye mtaji wanachukua 30% ya pato la taifa.

Wengi hujikwaa kwenye ile kanuni kuu ya Piketty, ya marejesho ya mtaji kuzidi ukuaji wa uchumi. Wanadhani ikishatimia tu, matajiri wanazidi kuwaacha wengine kila mwaka. Hapana. Marejesho yakiwa 5% na ukuaji 1%, tajiri anatakiwa kurudisha kwenye mtaji moja ya tano ya faida yake ili aende sambamba na uchumi. Akirudisha zaidi, anaukimbia. Akitumbua yote, uchumi unamwacha yeye.

BiTakwimu
Mkuu Mizania kasema vema, ila kuna nyufa. "Mtaji" wa Piketty ni kila mali inayouzika, nyumba zikiwemo. Mchumi Matthew Rognlie alionyesha mwaka 2015 kwamba ile sehemu ya pato la taifa inayokwenda kwa wenye mtaji imeongezeka kwa kiasi kikubwa kutokana na nyumba. Kwa swali la madaraka hilo si jambo dogo: mwenye nyumba iliyopanda thamani na mwenye hisa za kuamua nani aongoze kampuni si watu wa daraja moja, hata thamani ya mali zao ikilingana.

Kwa Milanovic, sura ya 1 inabeba mchoro maarufu wa tembo. Watu wote duniani wamepangwa kutoka maskini hadi tajiri katika mafungu 100, na kimo cha mstari ni ongezeko la kipato kati ya 1988 na 2008. Mgongo uko katikati, kwenye tabaka jipya la kati la Asia. Bonde liko kama fungu la 80 hadi 85, walipo wengi wa kipato cha chini katika nchi tajiri. Mkonga unainuka kwenye 1% ya juu.

Mitego yake ni miwili. Kimo ni asilimia, siyo fedha. Ukihesabu fedha zenyewe, 44% ya ongezeko lote ilikwenda kwa 5% ya juu. Halafu fungu la 80 la 1988 halina watu walewale wa 2008, kwa hiyo usiseme "hawa walipata, wale walikosa" kana kwamba ni familia zilezile.

Hati_na_Muhuri
Kwa swali lake KalamuKavu, mimi ningeanza na Pistor. Hoja yake: shamba ni udongo tu mpaka sheria iufanye mtaji, kwa kuupa sifa nne. Kipaumbele: nani analipwa kwanza mdaiwa akifilisika. Uimara: mali inawekwa mahali wadai wa mmiliki hawafiki, kwa mfano kwenye amana (mali inayoshikwa na mdhamini kwa niaba ya wengine) au ndani ya kampuni. Nguvu juu ya wote: haki inamfunga hata asiyekuwa kwenye mkataba. Kugeuzika: mwenye mali anaweza kuibadilisha kuwa fedha taslimu soko linapoporomoka. Na anakumbusha kwamba mtaji wa dunia unasukwa zaidi kwa sheria za Uingereza na za jimbo la New York. Upungufu wake: namba ni chache, na sura za miamala ya kifedha zinataka uvumilivu.

Ngazi7
Winters ndiye anayejibu swali la madaraka moja kwa moja. Kwake, oligaki ni mtu ambaye nguvu yake ni mali yake binafsi, hata bila cheo. (Hapo anatofautiana na mwanasosiolojia C. Wright Mills, ambaye mwaka 1956 aliwatazama zaidi wenye vyeo: wakuu wa makampuni, jeshi na serikali.) Anachopigania oligaki ni ulinzi wa mali. Dola isipoweza kuilinda, anajilinda kwa silaha au anatawala mwenyewe. Au anaegemea mtawala mmoja, kama Indonesia ya Suharto. Dola ikishailinda vizuri, vita vinahamia kwenye kodi, na wapiganaji ni mawakili na wahasibu. Ndiyo maana Pistor anasomeka vizuri zaidi baada yake.

KalamuKavu
Nimeelewa. Na tiba?

BiTakwimu
Anthony Atkinson, Inequality: What Can Be Done? (2015). Mapendekezo 15, likiwemo la kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha 65% na la urithi wa chini kwa kila kijana akifikia utu uzima. Gharama amezikokotoa kwa Uingereza, kwa hiyo usizihamishe kavukavu.

The Spirit Level (2009) cha Wilkinson na Pickett, kinacholinganisha nchi kuonyesha madhara ya pengo hilo kwa jamii, kinaweza kusubiri. Mabishano kuhusu nchi zilizochaguliwa hayajaisha.

Mizania
Jambo moja kabla hujalinganisha majedwali ya vitabu hivi: tazama kama kipimo cha Gini (namba ya pengo: 0 ni usawa kamili, 1 ni mmoja kumiliki vyote) ni cha kipato au cha mali, kabla ya kodi au baada, cha mtu au cha kaya. Gini ya mali karibu kila mahali huwa juu kuliko ya kipato. Kiambatisho cha Piketty kiko bure mtandaoni, na data mpya ziko World Inequality Database.