Naomba ushauri: Bourrée ya Bach (BWV 996), tunajifunza kikundi mtandaoni

Wakuu, salaam. Tunajifunza Bourrée, kipande cha mtindo wa densi cha J. S. Bach (BWV ni orodha ya kazi zake), katika E maina kwa gitaa, kila mtu akiwa kwake. Kupiga kwa wakati mmoja mtandaoni hakufai kwa sababu sauti huchelewa, hivyo kila mmoja anajirekodi akisikiliza metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye hedifoni, kisha tunaunganisha.

Mwanzo unasumbua. Nota mbili fupi zinaingia kwenye pigo la nne: hesabu moja, mbili, tatu, ingia. Anayesubiri nne iishe anabaki nyuma pigo zima hadi mwisho.

Kubwa zaidi ni besi, yaani sauti ya chini. Vidole vya kushoto vinanyanyuka mapema kufuata sauti ya juu, besi inakatika, na raha yote ya kusikia sauti mbili zikitembea pamoja inapotea. Nafikiria tuanze na besi peke yake kwa dole gumba, vipimo (baa) 8 vya kwanza, mapigo 60 kwa dakika, ndipo tuongeze sauti ya juu.

Sehemu ya pili ina vipimo 16. Mngeikata wapi? Na namba za vidole vya kushoto, tufuate za aina moja wote au kila mtu achague zinazomkaa mkononi?