Mwanangu anasaidia watu kupita kiasi, nifanyeje?

MamaWaMkomani: Asalaam aleikum. Nina kijana wa miaka 14, kidato cha kwanza, hapa Amu (Lamu). Akitoka chuoni (madrasa) haji nyumbani. Ukimuuliza, alikuwa mtaa wa Langoni kwa bibi mmoja mzee: kamchotea maji, kamfulia, kampelekea uji. Masomo yanashuka. Nimkomeshe vipi bila kumvunja moyo?

PundaHachoki: Dada, tubadilishane. Wangu punda akianguka na mzigo mbele yake, yeye anatoa simu arekodi.

MwalimuMstaafu: Umri huo wengi husaidia wakitazamwa na wenzao. Wako anafua nguo za mzee bila shahidi! Nilipokuwa nikifundisha Faza kuna mtoto alikuwa akinibebea maji. Leo ni nahodha, na nauli yangu haitaki kabisa. Nikilazimisha ananuna.

AmiWaShela: Huyo bibi hana watu wake?

MamaWaMkomani: Anao. Wako Mombasa.

AmiWaShela: Sikuuliza wako wapi, mwanangu. Ni nani?

MamaWaMkomani: Ni mamake babake. Mimi na mwanawe tumeachana, na maneno aliyonambia mama yule siku ile siyasahau. Msinihukumu. Kumwamkia sijamkataza, lakini unga wa huo uji nanunua mimi. Nishazungumza na kaka yangu Malindi, muhula ujao kijana anahamia huko. Ni kwa ajili ya masomo.

BintAmu: Kwa hiyo hukuja kuuliza, umekuja kutuarifu.

Mnyenyekevu: Talaka ni yako na mumeo. Mtoto hakuachana na bibi yake. Ogopa kukata udugu.

KasaMzee: Ngojeni kwanza. Kidato cha kwanza kipi? KCPE, ule mtihani wa darasa la nane wa kuingia kidato cha kwanza, ya mwisho ilikuwa 2023. Mtoto wa miaka 14 sasa yuko gredi ya nane au ya tisa. Uzi huu umetungwa.

PundaHachoki: Mimi nilianza kushuku pale kwenye unga.

MamaWaMkomani: Gredi ya tisa! Nimezoea kusema kidato. Nitunge nipate nini?

KasaMzee: Wasomaji.

MwalimuMstaafu: Hata sisi walimu hizi gredi zinatuchanganya, mwacheni. Na huduma kwa jamii imo kwenye mtaala huo huo mpya. Kijana anafanya somo lake.

AmiWaShela: Yeye mwenyewe asemaje kuhusu Malindi?

MamaWaMkomani: Sijamwambia.

PundaHachoki: Mimi niko Malindi. Akifika mwambieni apitie kwangu, nguo zimejaa beseni.