"Ite, missa est": Misa imekwisha, au tumetumwa?

Mwanakwaya: Katekista wetu anasema "Ite, missa est", yale maneno ya Kilatini ya kufungia Misa, ni "Nendeni, mmetumwa", wala si "Misa imekwisha". Mimi alumni, yaani mhitimu, wa seminari, Kilatini nimekisoma miaka minne, na niko naye: missa imetoka kwenye mittere, kutuma.

Kalamu Nyekundu: Miaka minne na bado unajiita alumni? Huo ni wingi. Wewe ni alumnus, dada yako alumna.

Mwanakwaya: Nauliza habari ya Misa, wewe unanishika jina! Haya, malaika kwa Kiarabu ni wingi, mmoja ni malak. Mbona husali kwa "malak mlinzi"?

Bi Mkubwa: Hapo kakubana. Na kitabu je? Ki- ile kwa Mwarabu ni sehemu ya mzizi, sisi tukapata vitabu. Neno likihamia kwetu linafuata ngeli zetu.

Mwenye Subira: Turudi kwenye Misa jamani. "Mmetumwa" ingekuwa missi estis. Missa ni umoja, tena jinsia ya kike. Ni nani huyo aliyetumwa? Wengine hujazia ecclesia (Kanisa), wengine hostia (sadaka), na hayo yote ni kubahatisha. Ni nomino tu: ruhusa ya kuondoka, kama collecta (mkusanyiko) ilivyotoka kwa colligere (kukusanya), na remissa ilivyotumika badala ya remissio (ondoleo). Avitus, askofu wa Vienne huko Ufaransa, mnamo mwaka 500 hivi aliandika kwamba hata kwenye majumba ya kifalme missa ilitangazwa watu waliporuhusiwa kutoka.

Mwanakwaya: Papa Benedikto wa 16 aliandika mwaka 2007 kwamba neno hilo lina utume ndani yake. Unambishia Papa?

Mwenye Subira: Soma alipoanzia. Alisema zamani ilimaanisha kuruhusiwa tu, maana ya utume Wakristo wakaifikia polepole. Katekista kairuka nusu ya kwanza.

Kalamu Nyekundu: Nami sijamaliza. Alumnus imetoka kwa alere, kulisha, kulea. Ni "aliyelelewa", kitenzi kilichogeuka nomino kama hiyo missa yenu. Mtu akilivuruga naumia, neno hilo limebeba shukrani kwa waliokulea.

Mwanakwaya: Walionilea namshukuru Mungu kwa ajili yao kila siku. Usinifundishe shukrani!

Bi Mkubwa: Basi nisaidieni mimi, kesho nawasilisha ripoti. Ni "data hii" au "data hizi"?

Kalamu Nyekundu: Hizi. Umoja ni datum, kilichotolewa, kutoka dare.

Mwanakwaya: Hii! Umesahau ngeli zako mwenyewe, Bi Mkubwa?