Gumzo la Familia: Njia ya Matofali ya Rehema

Rehema: Shikamooni wakubwa. Nimeazimia kutengeneza mwenyewe njia ya matofali ya pevingi kutoka langoni hadi mlango wa mbele, upana wa mita moja, nami sijawahi kufanya kazi ya namna hii. Je, nikishang'oa majani na kumwaga mchanga, ninaweza kuanza kupanga?

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Ukipanga juu ya mchanga uliomwagwa kwenye udongo mtupu, mvua ikinyesha udongo utalainika na kutitia pale panapokanyagwa zaidi, na matofali yatakaa kama meno ya kizee. Chimba sentimita 19 hivi: 10 za kokoto zilizoshindiliwa, 3 za mchanga na 6 za unene wa tofali lenyewe.

Kaka Idi: Mjomba, mimi ninazo kokoto za mviringo zilizobaki. Zinamfaa?

Mjomba: Hazifai, kwa sababu huteleza zenyewe kwa zenyewe hata uzishindilie vipi. Anahitaji kokoto zilizopondwa, zenye kona, zikiwa na chenga na vumbi lake la kuziba mianya. Azitandaze kwa tabaka mbili, kila moja ailoweshe kidogo na kuishindilia kabla ya kuweka nyingine. Kama udongo ni wa mfinyanzi, atangulize kitambaa maalumu cha kuzuia kokoto zisizame.

Shangazi: Msisahau maji. Njia iteremke sentimita 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na ukuta wa nyumba. Rehema, chukua pimamaji (kifaa chenye povu cha kupimia usawa) ya urefu wa mita moja, bandika chini ya ncha ya upande wa bondeni kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2, kisha uilaze. Povu likikaa katikati, mteremko umepatikana. Upime hivyo tangu kwenye kokoto, maana mchanga si wa kusawazishia makosa ya chini. Ukiwa mnene mahali pamoja na mwembamba pengine, matofali yatabonyea bila ulingano.

Rehema: Asante, Shangazi. Mchanga nao unasawazishwaje?

Mjomba: Laza mabomba mawili yenye kipenyo cha sentimita 3 juu ya kokoto, mwaga mchanga wa chenga katikati, kisha vuta ubao ulionyooka juu ya mabomba hayo. Yaondoe, jaza mifereji yaliyoiacha, na usiukanyage wala kuushindilia mchanga huo. Wakati wa kupanga, piga magoti juu ya matofali uliyokwisha kuyapanga na usonge mbele ukifuata uzi, ukiacha upenyo wa milimita 2 au 3 kati ya tofali na tofali.

Kaka Idi: Mimi ningependekeza mtindo wa mfupa wa samaki, yaani matofali yanayopishana kwa pembe kama miiba ya samaki, kwa kuwa ndio imara kuliko yote.

Mjomba: Ni imara, Idi, lakini faida yake huonekana panapopita magari, nao utamlazimu kukata matofali mengi pembeni. Kwa njia ya miguu, mtindo wa mkeka, yaani mawili yaliyoelekea mbele na mawili yaliyokingama, unamtosha mwanafunzi. Tofali la sentimita 10 kwa 20 linaingia barabara katika upana wake bila kukatwa, ila apange kwanza safu moja ya majaribio, kwani zile penyo huongeza sentimita 2 hivi. Mita moja ya mraba hula matofali 50. Aongeze machache ya akiba.

Rehema: Na kingo zinahitaji zege?

Mjomba: Ndiyo, au ukingo mwingine uliokaa imara pande zote mbili, la sivyo matofali ya pembeni yatasogea nje na penyo zitafunguka. Ukingo ukishakaza, fagilia mchanga laini uliokauka kabisa, pitisha mashine ya kushindilia yenye mpira chini yake, kisha fagilia tena mpaka penyo zijae.

Shangazi: Bakiza mchanga kidogo, Rehema, kwa sababu baada ya mvua chache penyo zitashuka na itakubidi kuzijaza upya.

Rehema: Nimeelewa. Nitaanza na vigingi na uzi, kisha niwatumie picha ya mteremko kabla ya kuagiza kokoto.