Kikundi: Wajukuu wa Mikindani

Hamisi: Asalaam aleikum wana ukoo. Nimelitoa stoo lile sanduku la useremala la babu. Droo mbili za juu zimetoka, ya chini imegoma kabisa. Mtaimbo ninao mkononi, naomba ruhusa 😂

Mjomba Saidi: Waalaikum salaam. Uweke chini huo mtaimbo kabla sijapanda bajaji kutoka Shangani.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Huyu jana kang'oa kitasa cha choo, usimwamini.

Mjomba Saidi: Marahaba. Hamisi, ukivuta inakuwaje?

Hamisi: Kulia inatoka kama vidole viwili, halafu ko! Kushoto haitikisiki.

Mjomba Saidi: Basi ina magonjwa mawili. Hiyo "ko" ni kifaa kimesimama ndani. Kushoto ni mvua. Mbao ikinywa unyevu hunenepa upana, urefu unabaki karibu vilevile, kwa hiyo ubavu wa droo umepanda ukabana. Mwezi wa tatu huu kila mlango Mtwara unalia. Na acha kuvuta vishikizo, utang'oa uso wa droo. Zile kona zimesukwa bila msumari hata mmoja.

Shemeji Bakari: Si amwagie mafuta ya taa tu?

Mjomba Saidi: Shemeji, hayo ni ya nati yenye kutu. Ubao utayanywa, sanduku linuke taa mpaka Idi.

Mama Asha: Taratibu jamani. Baba alirudi nalo kutoka Nachingwea, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulikufa 1951, sanduku lipo. Sisi hata kulikalia tulikatazwa.

Mjomba Saidi: Hamisi, mulika kwa juu, pale zilipotoka droo nyingine.

Hamisi: 📷 Keke hiyo, ile ya kutobolea mbao. Mkono wake umesimama, umegota kwenye ubao wa mbele.

Mjomba Saidi: Ilaze. Toa kila unachofikia, droo iwe nyepesi. Kisha irudishe NDANI kwanza ikae sawa, imekwenda upande. Halafu ingiza kipande cha ubao, ugonge ukuta wa nyuma wa droo uje mbele: kushoto kidogo, kulia kidogo. Kidogo, nimesema.

Zuhura: Kimya kingi. Kavunja huyo.

Hamisi: IMETOKA!!! Jasho hapa kama nimebeba magunia ya korosho. Niipitishe randa sasa hivi?

Mjomba Saidi: Thubutu! Ukiiranda ikiwa imevimba, mwezi wa nane itacheza kama jino la mtoto. Iweke kivulini siku nne, juani itapinda. Ikikauka, tafuta palipong'aa kwa kusuguana, hapo tu upitishe msasa, kisha paka mshumaa kavu njia nzima. Sabuni ya mche nayo inafaa.

Hamisi: Sawa mjomba. Kwa nyuma kabisa kulikuwa na patasi tano, hazina kutu hata tone. Zimeviringishwa kitambaa kilicholowa grisi. 📷

Mama Asha: Hiyo si kanga?

Zuhura: Nimemwonyesha bibi hapa Lindi. Kainuka kitandani. Anasema hiyo ni pea ya doti yake, nusu nyingine anayo mpaka leo, na miaka yote hiyo alijua kaiba wifi yake.

Shemeji Bakari: Mama yangu huyo jamani!!! 😭

Zuhura: Anasema msamehe, shemeji. Ila kanga irudi.