Aina ya jumla au aina mahususi ya data? Tupeane uzoefu

Wakuu, unapoandika programu, lini unaacha data iwe ya aina yoyote, na lini unaibana?

Naanza mimi. Kwenye mfumo wa kusajili watoto niliotengeneza kwa lugha ya TypeScript, kila kilichotoka kwenye seva nilikipa any, yaani aina yoyote bila kukaguliwa, ili kazi iende. Ikaenda. Miezi mitatu baadaye mtoto wa miaka 5 akaongezewa mwaka, akawa na miaka 51. Umri ulikuwa unakuja kama maandishi, "5", na nilipojumlisha 1 herufi zikaungana. Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe niliizuia isiulize. Siku mbili nzima nikakagua hesabu, kumbe hesabu haikuwa na kosa. Sasa data nisiyoiamini naipa unknown: inapokea chochote vilevile, ila hainiruhusu kuitumia kabla sijaihakiki.

Mchangiaji wa 2:
Pole mkuu. Mimi namba za simu niliziweka kama intega (namba nzima), eti kwa kuwa zinaitwa namba. Sifuri za mwanzo zote zikapotea. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, ni stringi, yaani maandishi. Niliumia sana.

Mchangiaji wa 3:
Nimeanza na lugha ya Java kabla ya toleo la 5 la mwaka 2004. Orodha ilibeba Object tu, yaani kitu chochote. Ukitoa kitu ndani yake unataja mwenyewe ni cha aina gani, na ukikosea, ClassCastException (kosa la aina kutolingana) inakurukia programu ikiwa kazini, mteja anaangalia. Zilipokuja jeneriki, ukiandika List<String> (orodha ya maandishi tu) kosa lilelile kompaila inalikamata ukiwa bado mezani. Tafadhali tusichanganye hivi vitu: "chochote" ni kufumba macho, jeneriki ni kusema chagua aina unayotaka, lakini ukishachagua ni hiyohiyo hadi mwisho.

Mchangiaji wa 4:
Nakubaliana na wa 3, ila msizidishe. Niliwahi kuandika fankisheni yenye aina nne za kujaza baadaye, T, U, K na V, ili itumike kila mahali. Ikatumika sehemu moja, na kila aliyeifungua aliniita nimweleze. Siku hizi naanza na aina mahususi. Nikijikuta naandika kitu kilekile mara ya tatu, ndipo nakifanya cha jumla.

Mchangiaji wa 5:
Na pesa msiweke kwenye desimali za kawaida za kompyuta. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript uone: 0.30000000000000004. Mimi nahesabu kwa senti, intega tupu.

Mleta mada:
Asanteni sana. Kuna aliyepambana na tarehe?